Magamba kwa Baiskeli: Mwongozo Kamili wa Safari ya Siku Sita katika Usambara Magharibi

Anayetazama ramani ya barabara kati ya Mombo na Lushoto, mkoani Tanga, huona kilomita 33 tu za lami, akajisemea moyoni kwamba huo ni mwendo wa saa mbili. Ramani hiyo haimwambii kwamba Mombo iko chini kwenye tambarare, kwenye mwinuko usiofika mita 500 kutoka usawa wa bahari, na kwamba Lushoto iko karibu mita 1,400. Wala haimwambii kwamba juu ya Lushoto bado kuna msitu wa Magamba, unaopanda hadi karibu mita 2,300. Kwa mwendesha baiskeli, umbali wa kweli katika Usambara Magharibi ni ule wa kwenda juu na wa kurudi chini. Mtu anayepanga safari kwa kilomita peke yake atachelewa, atachoka, na mwishowe atajikuta akishuka mlima magharibi imeingia, mikono imekufa ganzi na breki zimekwisha. Nimeupanga mwongozo huu kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe, na nimekaa zaidi kwenye breki na kushuka kwa sababu hapo ndipo watu huumia.

Hatua ya kwanza: Chagua majira, kisha hesabu mwinuko

Masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na vuli huanguka kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba. Katika miezi hiyo udongo mwekundu wa Usambara hugeuka kuwa ute unaojaza nafasi kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, na vijia vya msituni havipitiki kwa baiskeli hata ukiisukuma. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo bora, ingawa ni miezi ya baridi: joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo anayeondoka Mombo akitokwa jasho anaweza kulala Magamba akitetemeka. Januari na Februari nazo hufaa, ila jua la mchana kwenye mteremko wa Mombo huwa kali mno.

Baada ya majira, hesabu saa. Kanuni ninayoitumia kwa mtu mwenye afya ya kawaida na mzigo wa wastani ni kutenga saa moja kwa kila kilomita 12, kisha kuongeza saa moja nyingine kwa kila mita 400 za kupanda. Kwa kanuni hiyo safari ya Mombo hadi Lushoto si ya saa mbili tena: kilomita 33 zinachukua karibu saa tatu, na mita 900 na zaidi za kupanda zinaongeza saa mbili na ushei, jumla saa tano bila mapumziko marefu. Fanya hesabu hiyo kwa kila siku ya safari na uiandike. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, na nyuma ya vilima giza huingia mapema kuliko hapo, kwa hiyo panga kila siku iishe kabla ya saa kumi alasiri.

Hatua ya pili: Iandae baiskeli kwa ajili ya kushuka

Wengi huulizana kuhusu gia, na swali hilo lina maana yake. Ili upande bila kusimama, unahitaji gia nyepesi ambayo sproketi (duara la meno linaloshika cheni) ya mbele ina meno machache kuliko ya nyuma, au angalau yanalingana. Baiskeli yenye meno 32 mbele na meno 34 nyuma hukuwezesha kuzungusha pedali mara moja na gurudumu likazunguka chini kidogo ya mara moja, yaani kama mita mbili za mwendo kwa kila mzunguko, na hicho ndicho kipimo kinachomfaa mtu mwenye mzigo kwenye mlima huu. Baiskeli nzito ya gia moja, ile tunayobebea maji na magunia vijijini, inaweza kusukumwa hadi Lushoto. Tatizo lake kubwa ni wakati wa kurudi, kwa sababu breki zake za fito za chuma hazikuundwa kuzuia mtu na mzigo kwa kilomita 30 za mteremko mfululizo.

Kwa hiyo anza na breki. Kama baiskeli yako ina breki za rimu, yaani zinazobana ukingo wa gurudumu kwa mipira, ondoa mipira ya zamani hata kama bado ina unene, weka mipya pande zote mbili, na ubebe jozi nyingine ya akiba. Safisha rimu kwa kitambaa chenye spiriti ili kuondoa mafuta, kisha pitisha kidole kwenye ukuta wa rimu: ukihisi umebonyea kama bakuli, rimu hiyo imeliwa na breki na inaweza kupasuka kwa shinikizo la upepo pale inapopata joto, basi badilisha gurudumu zima. Kagua waya wa breki mahali unapoingia kwenye mkono wa breki, maana nyuzi zake huanza kukatika hapo moja moja bila mtu kuona. Kama una breki za diski, yaani zinazobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu, pima unene wa pedi, na uhakikishe diski haijapinda. Breki za diski zinazotumia waya nazipendelea kuliko za mafuta kwa safari hii, si kwa sababu zina nguvu zaidi, bali kwa sababu fundi yeyote wa Lushoto, au wa Lukozi kwenye njia ya Mtae, anaweza kuzikaza kwa spana ya kawaida, ilhali ya mafuta ikivuja utatembea kwa miguu.

Hoja hiyohiyo ya fundi ndiyo iongoze uchaguzi wa tairi. Tairi la upana wa inchi 2 au zaidi kidogo, lenye meno ya wastani na tyubu ya ndani, kwa gurudumu la inchi 26, ndilo rahisi kupatiwa tyubu nyingine sokoni. Beba tyubu mbili za akiba, viraka na gundi, pampu, vijiti vya kubandulia tairi, spana za saizi za baiskeli yako, kifaa cha kukatia cheni pamoja na viungo viwili vya akiba, waya mmoja wa breki na mmoja wa gia, na chupa ndogo ya mafuta ya cheni. Kabla ya kuondoka nyumbani fungua gurudumu la nyuma na kulirudisha wewe mwenyewe, mara mbili. Mvua ikinyesha msituni si wakati wa kujifunza.

Hatua ya tatu: Punguza mzigo

Kilo 12 zitoshe, maji yakiwa nje ya hesabu. Vitu vizito vikae chini na karibu na katikati ya baiskeli: mifuko miwili ya kuning'inia pande zote za keria ni bora kuliko begi moja kubwa lililofungwa juu, ambalo huyumba kwenye kona na kuvuta baiskeli pembeni. Usiweke kila kitu nyuma, kwa sababu kwenye mwinuko mkali gurudumu la mbele litakuwa jepesi na usukani utapotea mkononi. Funga begi dogo la nguo mbele. Lazima uwe na koti la mvua, sweta, glovu za vidole vyote, kofia ngumu, taa mbili na kitambulisho. Hema si lazima, kwa kuwa vyumba vya wageni vipo Soni, Lushoto na Mtae.

Hatua ya nne: Fika Mombo, na upande asubuhi

Mabasi yanayopita barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha husimama Mombo. Zungumza na konda kabla ya kukata tiketi, mkubaliane nauli ya mzigo, kisha ng'oa gurudumu la mbele na pedali, na uilaze baiskeli kwenye buti upande wa cheni ukiwa juu. Lala Mombo, ili saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshaanza kupanda na jua likukute umefika penye kivuli.

Barabara ya Mombo hadi Soni ni lami nyembamba inayozunguka ukuta wa mlima juu ya korongo la mto. Tumia gia nyepesi tangu kilomita ya kwanza, hata kama miguu inakwambia ina nguvu, na upande kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Simama kila baada ya dakika 40, unywe maji na ule kitu kidogo, kwa sababu mwili ukishaishiwa nguvu mlimani haurudishiki kwa chakula cha nusu saa. Endesha kushoto, lakini usijibanze kwenye ukingo wa lami uliomeguka, na kwenye kona zisizoonekana piga kengele na usikilize. Malori ya mbao, viazi na kabichi hushuka humo yakikata kona, na dereva hategemei kukuta baiskeli.

Soni ndipo pa kupumzika. Kuna maporomoko ya maji kando ya barabara na wauza matunda wengi; kwa msimu wake utapata plamu, pea, parachichi na matunda damu, na kwa mpanda baiskeli hakuna chakula bora kuliko hicho pamoja na chai ya tangawizi na chapati. Kutoka Soni hadi Lushoto mwinuko unalegea.

Hatua ya tano: Siku ya kibali na ya kuzoea

Usiingie msituni siku inayofuata. Asubuhi nenda ofisi ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, ambayo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, ueleze kwamba unakuja na baiskeli. Hilo ni muhimu, kwa sababu si kila njia ya msituni inaruhusu magurudumu. Baadhi ya vijia ni vya miguu tu, vina ngazi za udongo na mizizi, na tairi hugeuza vijia hivyo kuwa mifereji ya maji mvua ya kwanza inaponyesha. Utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, utalipa kwa simu au benki, na risiti hiyo utaibeba muda wote. Viwango vya raia wa Tanzania, wa Afrika Mashariki na wa nchi nyingine hutofautiana, ndiyo maana kitambulisho ni cha lazima. Omba mwongozaji anayeendesha baiskeli. Wapo vijana wa Lushoto wanaofanya kazi hiyo, wanaoijua barabara iliyokatika juzi na daraja lililooza.

Mchana, bila mizigo, endesha hadi ukingo wa Irente, kilomita kama sita kutoka mjini. Pale mlima unakatika ghafla, na mamia ya mita chini unaona tambarare ya Mazinde na mashamba ya mkonge. Napenda kumpeleka hapo kila mgeni wa baiskeli kwa sababu moja: ukisimama hapo unakiona kwa macho kimo ambacho utakishuka siku ya mwisho, na hutahitaji tena kushawishiwa kuhusu mipira ya breki. Njiani kurudi, fanya zoezi: tafuta mteremko mfupi, ushuke mara tatu ukijaribu kusimama mahali ulipopanga.

Hatua ya sita: Ndani ya msitu

Kutoka Lushoto hadi kijiji cha Magamba ni kama kilomita saba, zote za kupanda. Kwenye njia panda, mkono wa kulia unakwenda Mkuzi na Migambo, na wa kushoto unakwenda Malindi, Lukozi na Mtae. Hifadhi ina zaidi ya hekta 9,000, na ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, misitu ambayo imebaki kama visiwa juu ya nchi kavu kwa muda mrefu kiasi cha kuzaa mimea na viumbe wasiopatikana kwingine. Pitia barabara za zamani za kukokotea magogo. Wajerumani walivuna hapa mkulo, mti wenye harufu ya kafuri, na huko Shume walijenga njia ya waya ya angani iliyoteremsha mbao hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga iliyokuwa imefika Mombo mwaka 1905. Miteremko ya njia nyingi za magogo ni ya taratibu, na hilo ndilo linalozifanya zifae kwa baiskeli hadi leo.

Msituni punguza upepo wa tairi kidogo, hadi ukibonyeza kwa kidole gumba tairi linabonyea kidogo, kwa sababu tairi gumu huruka juu ya mizizi badala ya kuishika. Mizizi iliyolowa ivuke kwa pembe ya mraba, usukani ukiwa umenyooka, bila kugusa breki ya mbele. Penye utelezi au tope zito shuka na uibebe baiskeli, na usitengeneze njia mpya kando ya tope. Kila kijia cha pembeni ni msitu uliokanyagwa. Ukisikia matawi yakitikisika juu, simama kabisa na unyamaze: mbega weupe kwa weusi hukaa huko, nao huvumilia mtu aliyesimama kuliko anayekimbia na kengele. Usiwashe moto, na usioshe cheni au mikono yenye mafuta kwenye vijito, maana maji hayo ndiyo yanayonywewa na vijiji vya chini. Maji ya kunywa uchemshe au uyatibu kwa vidonge, hata yakiwa meupe na baridi namna gani.

Ukungu huweza kuingia mchana bila taarifa, na ukishaingia huwezi kuona mita 20. Vaa sweta kabla hujaanza kuhisi baridi, washa taa zote mbili, na ugeuze urudi.

Hatua ya saba: Mtae, kwa siku mbili

Lushoto hadi Mtae ni takriban kilomita 60, na ninashauri zichukue siku nzima kwenda na siku nzima kurudi. Baada ya Magamba utegemee udongo, kokoto na mashimo, barabara ikipanda na kushuka kati ya mashamba ya miti, viazi na karoti. Lukozi ni mahali pa kula na kujaza maji. Salimia watu kabla ya kuuliza njia. Asubuhi Wasambaa husema "Onga maundo", na mgeni anayejitahidi kuitamka huelekezwa kwa moyo mkunjufu zaidi. Mzee anayelima kando ya barabara mwamkie shikamoo, ushuke kwenye baiskeli unapofanya hivyo. Piga picha za watu kwa ruhusa tu.

Mtae imekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, na kutoka hapo tambarare ya Mkomazi huonekana hadi macho yachoke. Watu watakwambia ipo njia ya kuteremkia tambarare hiyo moja kwa moja. Simshauri mgeni kuifuata akiwa peke yake na mzigo: ni mteremko mkali wa mawe legevu, na chini kunaishia kwenye joto na umbali mrefu bila maji. Rudi kwa njia uliyoijia.

Hatua ya nane: Kushuka Mombo

Siku ya mwisho ondoka Lushoto saa mbili asubuhi, lami ikiwa imekauka umande. Kabla ya kuondoka fanya ukaguzi wa dakika tano: bana breki ya mbele na usukume baiskeli mbele, isisogee, vivyo hivyo ya nyuma, tikisa kila gurudumu pembeni, lisicheze, vuta kila mkanda wa mzigo. Teremsha siti sentimita tatu au nne ili uzito wako ukae chini.

Kosa linaloleta ajali ni kushika breki kidogo kidogo bila kuachia kuanzia juu hadi chini. Kila mita unayoshuka inageuka kuwa joto ndani ya rimu au diski, na joto lisilopewa nafasi ya kutoka huyeyusha mipira, hudhoofisha pedi, na kwenye breki za rimu huweza kupasua tyubu ukiwa katikati ya kona. Fanya kinyume chake: acha baiskeli iende kwenye sehemu iliyonyooka, kisha kabla ya kona bana breki zote mbili kwa nguvu na kwa muda mfupi, upunguze mwendo wote unaotaka kupunguza, halafu uachie na uingie konani ukiwa na mwendo mdogo. Hewa hupoza rimu katika vipindi unapoachia. Sogeza makalio nyuma, weka pedali ya upande wa nje wa kona chini na uikanyage, na macho yatangulie mwisho wa kona, kwa maana baiskeli hufuata macho. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi kwenye lami kavu. Kwenye mchanga au kokoto itegemee kidogo sana.

Simama kila kilomita tano, hata kama hujachoka. Nyoosha vidole, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa, na kama unahisi joto kali subiri dakika kumi, usiimwagie maji. Harufu ya mpira ulioungua ni amri ya kusimama mara moja. Mvua ikianza, kumbuka kwamba rimu yenye maji huchelewa kushika, kwa hiyo bana breki mapema kidogo ili kukausha rimu, kisha ndipo ubane kwa kusimama. Lori likija nyuma yako, simama kando mahali pana, lipite; usishindane nalo hata kwa kona moja. Ukianguka au ukikuta mwenzako ameanguka, msiondoe kofia ngumu ya aliyeumia shingo, mzuieni asiinuke, na mpige simu namba 112. Hospitali ya wilaya iko Lushoto, kwa hiyo aliyeumia juu ya Soni arudishwe juu badala ya kuteremshwa.

Joto la tambarare litakupokea kabla hujaiona Mombo. Vua sweta, pita taratibu kati ya bodaboda za stendi, na wakati unasubiri basi ung'oe gurudumu la mbele uangalie kilichobaki cha mipira ya breki uliyoiweka ikiwa mipya kabla ya safari.